Siku moja kwenye studio yangu ya chumbani, Mwanga, Kigoma

Saa 12 asubuhi. Niko macho kabla bodaboda hazijachangamka. Nawasha kompyuta, nanakili kazi za jana kwenye diski ya pili, ndipo nakunywa chai. Jirani akiniona na hedifoni shingoni anasema nashinda nasikiliza muziki. Kazi hii inachosha, na naipenda.

Saa 2. Kijana wa Gungu anaingiza sauti juu ya biti, yaani mdundo, aliyokuja nayo. Treki mbili tu, yaani sauti mbili zilizorekodiwa kila moja peke yake, hakuna cha kusumbua. Saa 3 na nusu ameshaondoka.

Saa 4. Inafika kwaya kutoka Ujiji. Nafunga maiki nane kwenye kadi ya sauti yenye njia nane, nazima feni kwa sababu maiki zinainasa. Mwalimu wao anatoa flashi mfukoni.

"Kijana wangu, rekodi moja kwa moja humu. Nyimbo zetu zisibaki kwenye kompyuta ya mtu."

Kuna studio iliwahi kuwapotezea kazi, kwa hiyo hofu yake naielewa. Lakini flashi ile ingetukwamisha, nikamwambia. Akauliza: "Mbona imeandikwa USB 3.0, na hiyo kadi yako ni 2.0?"

Hili naulizwa kila mara. Maiki moja, kwa sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, kila sampuli biti 24 za data, inatoa kilobaiti 144 kila sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo zote nane hazifiki megabiti 10 kwa sekunde, na USB 2.0 imetengenezewa 480. Njia ni pana kupita kiasi. Ugumu uko kule data inakoandikwa: flashi ya bei rahisi hupokea kwa mkupuo, kisha inasita ifute nafasi kabla ya kuandika tena. Kwaya haisiti nayo. Na tukianza kuongeza sauti juu ya sauti, kompyuta itakuwa inasoma treki 16 huku inaandika nyingine 8.

Mwalimu akataka aone kwa macho yake. Tukaanza. Beti la pili programu ikasimama: diski haiwezi kufuatisha. Tukarudia, ikasimama kwenye kiitikio. Tukarudia tena. Akina mama wa soprano jasho linawatiririka, sauti zinaanza kukauka, na hicho ndicho kilichoniuma, maana sauti ya asubuhi hairudi mchana.

"Mwalimu, naomba turekodi kwenye SSD yangu, diski yenye kasi. Jioni nakunakilia kila kitu ukiwa umekaa hapa, na ukitaka nafuta changu." Akakubali, akasogeza kiti mpaka ubavuni mwa skrini.

Kuanzia hapo saa sikuiangalia tena. Mwimbaji kiongozi alitaka mwangwi hedifoni wakati anaimba. Bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukichakata, ikiwa sampuli 128, kompyuta yangu ikalemewa na mwangwi ule, sauti ikakwaruza. Nikapandisha hadi 1024, mikwaruzo ikaisha, lakini akavua hedifoni: "Najisikia nimechelewa." Kweli kabisa. Sampuli 1024 ni milisekunde 21 kuingia na kama hizo kutoka, na mwimbaji mzuri hawezi kuvumilia hilo. Tukauacha mwangwi hadi wakati wa kumiksi, yaani kuchanganya treki zote, bafa ikarudi 128, akaimba vizuri mno. Katikati umeme ukakatika, UPS, betri ya akiba ya kompyuta, ikashikilia mpaka tukamaliza beti. Ugali na migebuka aliyoagiza Mwalimu vilipoa mezani.

Magharibi imeshapita, Mwalimu anataka nyimbo zote tatu zirushwe Dar kwa intaneti usiku huu huu, kwa mtu atakayemiksi. Wimbo wa dakika 5 wenye treki 24 unapita GB 1. Kwa megabiti 4 kwa sekunde za kupandisha nilizokuwa nazo, ni kama dakika 35 kwa wimbo mmoja, mtandao usipokatika. Nikamwomba ile flashi yake. Kunakili hakuna haraka: ikisita, faili linangoja. Kesho ataituma na mtu anayesafiri.

Alikaa mpaka faili la mwisho. Alifungua treki moja moja, akitaja jina la kila aliyeimba, nami mgongo unauma lakini nilifurahi kusikiliza naye. Alipokwisha kulipa, nikauliza kama nifute za kwangu.

"Acha," akasema. "Na hiyo diski yako ya pili, ziweke na huko."