SSD kwanza, RAM baadaye

Kompyuta nyingi za nyumbani hapa Mombasa ni mitumba, zile tunazoziita eksi-UK: Dell, HP au Lenovo yenye RAM (memori ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Ikianza kujikokota, ushauri wa kwanza utakaoupata ni "ongeza RAM". Mara nyingi pesa hupotelea hapo.

Kabla hujatoa shilingi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha nini kinatumika kwa kiasi gani. Diski ikiwa 100% huku prosesa iko 10%, hapo diski ndiyo inayokuchelewesha. Memori ikiwa imejaa nayo, jua kwamba Windows inahamishia mizigo yake kwenye diski hiyohiyo iliyochoka, na utahitaji vyote viwili. Mwenye pesa ya kitu kimoja anunue SSD, diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka. Diski ya laptopu inayozunguka mara 5,400 kwa dakika husoma takriban MB 100 kwa sekunde. SSD ya SATA, ile inayoingia mahali palepale pa diski ya zamani, hufika 500. Na tofauti kubwa zaidi iko kwenye mafaili madogo, maana kichwa cha diski ya zamani lazima kisogee huku na huku kulitafuta kila moja.

GB 240 zinatosha watu wengi. SSD ya "TB 2" kwa bei ya kutupa usiiguse: hizo huandika uwongo juu ya ukubwa wao, na faili zako hupotea kimyakimya nafasi yake halisi ikishajaa.

Kwa RAM, usiulize GB peke yake. DDR3 na DDR4 ni vizazi viwili vya RAM visivyoingiliana, pengo la katikati ya meno ya dhahabu ya ukingoni liko mahali tofauti. Laptopu zenye prosesa ya kizazi cha 4 cha Intel mara nyingi hutaka DDR3L ya volti 1.35, na ukiichomeka ya volti 1.5 skrini inabaki nyeusi. Njia nyepesi ni kuichomoa uliyonayo na kwenda nayo dukani. Laptopu nyembamba nyingine RAM yake imelehemwa kwenye ubao, kwa hiyo fungua kifuniko uhakikishe tundu lipo.

Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15. RAM ya laptopu huingia kwa mshazari, halafu unailaza mpaka vibanio vya pembeni vilie "ta!" vyote viwili. Kikilia kimoja tu, haijakaa.

Hapa ndipo Pwani ina shida yake. Nyumba ya Nyali au Mji wa Kale inayopokea upepo wa bahari hupokea na chumvi, na unyevunyevu hauishi. Yale meno ya dhahabu ya RAM hufifia, yakapata ukungu wa kijivu, na mashine iliyolala vizuri jana leo inalia bip-bip bila kuonyesha kitu. Watu wametupa RAM nzima kwa sababu hiyo. Ichomoe, sugua meno taratibu kwa raba ya penseli, upande huu na ule, kisha pangusa kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili. Sanitaiza ya mikono usitumie, ina gliserini inayobaki ikinata. Ikiwa tundu lenyewe lina kutu ya kijani, raba haitasaidia.

Ukifunga SSD, toa diski ya zamani kabisa kabla ya kusakinisha Windows. Ukiziacha zote mbili, sehemu ya kuwashia inaweza kuandikwa kwenye ile ya zamani, na siku utakayoichomoa kompyuta haitawaka. Diski hiyo iweke wiki mbili bila kuifuta; daima kuna picha za harusi zilizosahauliwa.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na kwa prosesa za Intel ni kizazi cha 8 kwenda mbele. Ziko njia za kuilazimisha kwenye mashine ya zamani, lakini kwa kompyuta ya mzazi au ya watoto wa shule mimi naweka Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows. Iandike kwenye flashi ya GB 8, washa ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, na uijaribu kutoka kwenye flashi kwanza: Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Printa inaonekana? Ndipo usakinishe. Laptopu iwe na chaji ya kutosha, na ya mezani iwe kwenye UPS (betri ya akiba), kwa sababu umeme ukikatika katikati utaanza upya.

Na ikiwa saa inarudi nyuma kila unapochomoa waya, kivinjari kitakataa tovuti nyingi kikidai si salama. Hilo ni betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao. Ibadilishe kabla hujafunga kifuniko.