Vile nilishona nyumba yetu ya Buhene na sindano

Nyumba yetu ya Buhene, kando ya Goma huku Kongo, iko chini ya mawe tangu ile jumamosi ya 22/5/2021, mulima ya moto Nyiragongo ilipopasuka magaribi na moto ikashuka mupaka kwetu. Tulitoka na nguo za mwilini tu. Alhamisi yenye ilifuata wakasema mitaa kumi ya Goma itoke, ardhi ilikuwa inatetemeka mchana na usiku, tukaenda Sake kwa miguu na bantu wengi sana. Picha ya ile nyumba hatukubakia nayo hata moja. Naanza na hiyo juu bantu wananiulizaka sababu gani nakaa na broderi, hii kazi ya kutia nakshi ku kitambaa na sindano, saa zote hizo, eti si kazi ya bamama wazee, na jibu yangu ni ile nyumba.

Tuliporudi Goma tukapanga Ndosho na usingizi ikapotea. Kila nikifunga macho natembea mu vyumba natafuta kitu. Kuongea haikuwezekana, kila mutu mu familia alikuwa na yake moyoni, ukianza tu kusema "ku nyumba ile" baba anatoka inje. Mama mukubwa, yaya wa mama, njo aliniita siku moja akanipa kitambaa ya mericani nyeupe. Yeye alijifunzaka kwa bamasere, batawa wa kanisa, wakati wa usichana wake, nape za meza na foronya za mabibi arusi alishona mingi. Akaniambia, "Mwanangu, keti hapa, shona hii ua, hakuna mwenye anakuuliza kitu."

Nikashona maua. Inatuliza kweli, mikono ikiwa na kazi na macho inahesabu mishono, kichwa inapata kitu ya kufuata na pumzi inashuka polepole, lakini maua yenyewe yalikuwa ya karatasi ya mutu mwingine na hayakuwa na habari yoyote ya kwetu. Nikamuuliza mama mukubwa kama naweza kushona mulango. Akasema, "Shona mulango, nani anakukataza?"

Ile mulango ilinichukua wakati murefu na sitaki kuipita mbio. Ilikuwa ya bluu, chini iliozaga, baba akapigilia kipande cha ubao. Uzi wa broderi unakuwaka na nyuzi sita ndani, unazitenganisha, mi natumia mbili tu juu nikitumia zote sita mushono unakuwa munene na mistari midogo inapotea. Unakata uzi kutoka vidole mupaka kiwiko, usizidishe, ukiwa murefu unajifunga mafundo. Nikajaza bluu, mushono moja kando ya mwenzake, yote inalala upande moja ndiyo ikamate mwangaza. Nikafika ku ule ubao nikasimama, rangi yake imenitoka. Nikampelekea baba kitambaa nikamuuliza kama ulikuwa mweupe. Aliangalia sana. Kisha akasema, "Hapana, ulikuwa kijani, niliutoa ku meza ya bibi yako."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza baba kusema kitu juu ya ile nyumba tangu tutoke, na hakusimama hapo, akasema bibi alikuwa anakatia sombe, majani ya muhogo, ku ile meza, akaonyesha na kidole dirisha inapashwa kuwa wapi, mama akasikia akatoka jikoni akasema hapana dirisha ilikuwa karibu zaidi na mulango, mudogo wangu akaleta ya mupapai. Tukaongea mupaka usiku. Tangu hapo kazi yangu ikawa hivyo, nashona kipande, nauliza, wananisahihisha, nafumua, narudilia. Maharage yenye ilikuwa nyuma ya nyumba nimeitia kwa vifundo vidogo, unazungusha uzi ku sindano kisha unarudisha pale pale karibu na ulipotokea. Moto wa Nyiragongo nao nimeuweka, munyororo wa uzi mweusi na rangi ya chungwa katikati, lakini nimeusimamisha pembeni ya kitambaa. Nilikataa upite juu ya nyumba. Ku kitambaa yangu nyumba iko muzima.

Baadaye nikajua kama Kongo yetu iko na hii kitu tangu zamani. Kule Kasai, kwa Wakuba, wanaume wanafuma rafia, wanawake wanatia nakshi kwa sindano, na wengi hawachori kitu mbele, mufano wote uko mu kichwa. Uzi hawaufungi fundo, unabanwa na kitambaa yenyewe, kisha wanakata ncha na kakisu inabakia manyoya mafupi ya velur. Nguo hizo za nakshi wanavalisha na wafu wao siku ya maziko. Na kule Chile, kisha mapinduzi ya 1973, wanawake wenye wanafamilia wao walipotezwa walishona vipande vya nguo kuukuu ku kitambaa ya gunia kuonyesha mambo yenye mudomo haungeweza kusema bila hatari. Niliposikia hayo nilijisikia niko na bandugu mbali.

Sitaki kudanganya mutu, kuna siku sindano haisaidii. Mwezi wa kwanza 2025, masasi ilipokuwa inalia mu muji, sikushona hata kidogo, tulikuwa tumelala chini tunasikiliza. Na kama usingizi imekataa kabisa ama unawaza kufa, nenda muone APS, ule mutu wa kusikiliza na kushauri wenye moyo umeumia, ku kituo ya afya, mi nilienda, na broderi iliendelea kando ya hiyo. Lakini kwa siku za kawaida zenye uzito, naiamini sana. Anza na kitambaa ya koton yenye haivutiki, serkle ya mbao ya kukaza kitambaa, sindano, rangi tatu hivi, na shona mchana kando ya dirisha juu umeme inakatika na macho inaumia. Uzi mwekundu uloweshe kwanza na uufinye mu kitambaa nyeupe, kuna yenye inachuja. Na shona kitu yako. Ufunguo, sufuria, kiatu ya mutoto, yoyote yenye unajua vizuri.

Saa hii nashona barabara ya Kibumba, baba ameniomba nimushone na chukudu yake, ile kinga ya mbao ya kubebea muzigo, akishuka nayo Goma. Magurudumu nimemaliza. Muzigo bado, juu baba anasema ilikuwa makala na mama anasema ilikuwa viazi, na hakuna mwenye anakubali kuachia.