Bwana Mkono wa Ngamiani

Kabla hujaniambia wazee wa Tanga wabishi, ngoja nikusimulie habari ya koti.

Nilipata kibarua cha kuwadodosa wazee wa miaka 60 na kuendelea kuhusu chakula chao. Uzito, urefu, mzunguko wa mkono, alichokula kwa saa 24 zilizopita, na damu mililita 5. Msimamizi wetu, ambaye sidhani kama amewahi kubisha hodi uswahilini, akanishauri: "Vaa koti jeupe, wazee watakuheshimu." Nikavaa. Nikafunga boksi la barafu nyuma ya baiskeli, nikaingia mtaa wa Ngamiani, wakati swala ya Magharibi inakaribia, nikijiona mjanja kwamba saa hizo nitawakuta watu nyumbani.

Koti jeupe, boksi, kiza kinaingia, na mimi naulizia kama ndani kuna mzee. Mtoto mmoja akapiga ukelele: "Mumiani!" Nimeshakuwa mnyonya damu. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Bibi mmoja alinitoa mbio na mkongojo hadi barabara ya pili; miguu ambayo baadaye aliniambia haimpi usingizi, siku ile ilikuwa mizima kabisa. Kesho yake nikarudi bila koti wala boksi. Sikupata hata mmoja. Habari zangu zilishatangulia.

Nikaenda kwa mjumbe (ndiko nilikotakiwa kuanzia, najua), kisha nikahamia baraza ya kahawa. Kila baada ya Alasiri nanunua kahawa na kashata, elfu mbili tatu hivi, za mfukoni mwangu na hakuna aliyenirudishia. Siku tatu sikuuliza kitu. Wakaanza wenyewe. Mmoja hatii dole gumba kwenye karatasi yoyote, maana jirani yake alitia, kiwanja kikaenda. Mwingine alidhani ni TASAF, wale wa serikali wanaogawa hela kwa kaya maskini. Alipojua hakuna hela akarudi kwenye bao lake. Babu mmoja mwenye kofia ya kiua akanimaliza: "Wenzenu walikuja, wakatutoa damu, wakaondoka. Waja leo waondoka leo ni nyinyi. Majibu yangu yako wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikatoa utepe wa kupimia mkono, nikamkabidhi. "Basi babu, nipime wewe."

Akavaa miwani, akanizungushia, akasogea kwenye mwanga. "Sentimita 24! Yakhe, huyu ndiye aje kutuuliza sisi tunakula nini?" Baraza zima hoi kwa kicheko. Toka siku ile jina langu Bwana Mkono. Lakini jioni ile utepe haukunirudia. Walipimana wao kwa wao, wakabishana, mmoja akadai arudiwe kwa kuwa alikuwa amevaa shati zito.

Fomu ya ridhaa nayo nikaisoma kwa kuanzia mwisho, pale panaposema unaweza kukataa, au kujitoa siku yoyote, na huduma zako zikabaki vilevile. Wenzangu walikimeza kipengele hicho kwa kuogopa kukimbiwa. Kwangu ndicho kilicholeta watu. Damu nikaieleza kwa kijiko cha chai. Mililita 5 ndizo hizo. Na mzee aliyepinda mgongo usimbandike ukutani anyooke, mpime kutoka kisigino hadi goti, ndipo ukadirie urefu wake.

Kilichonishinda muda mrefu ni chakula chenyewe. Bibi mmoja, mkwewe ameketi pembeni, akasema jana alikula pilau, nyama na ndizi mbivu. Mkwe alipotoka kwenda dukani akaniinamia: "Mwanangu, chai ya mchaichai na kipande cha muhogo. Ulitaka nimwaibishe mwanangu mbele ya mkewe?" Nikafuta pilau. Kumbe wengi waliokuwa wakinikatalia walikuwa wanalinda heshima ya nyumba zao. Swali hilo silitoi tena mbele ya mtu. Na wanaokula sinia moja watu watano, fomu inadai gramu! Nilimwomba kila mmoja anioneshe kwa mchele mkavu kwenye bakuli lake, kisha naupima.

Majibu yalipotoka nilimganda msimamizi hadi yakaandikwa kwa Kiswahili, kila mtu na bahasha yake. Nikazipeleka kwa baiskeli, mchana kweupe.

Babu wa kofia hajakubali kupimwa hadi leo. Nikipita huniita kutoka barazani, "Bwana Mkono, jana umekula nini?" Nami nashuka kwenye baiskeli, namtajia kila kitu, saa 24 zote.