Kidole cha mwisho ndicho kilichokuwa kinaniumiza mdomo

Kwa miaka miwili hivi nilikuwa mpigaji wa nusu saa. Nusu saa ya kwanza tarumbeta linaitika vizuri tu. Ikipita hapo mdomo umevimba, sauti za juu hazitoki, nabaki kupuliza hewa huku wenzangu wakinitupia jicho. Na kazi zetu za Jumamosi si za nusu saa. Bibi harusi anachukuliwa saluni, anapelekwa kanisani, kutoka hapo picha, kisha ukumbini, na sisi tuko nyuma ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tukipiga kutoka Kimara mpaka Sinza hapa Dar. Foleni ikishika ndiyo kwanza watu wanataka muziki uchangamke.

Mimi nilikuwa nausingizia mdomo. Nikapaka mafuta ya nazi, nikafanya mazoezi mengi zaidi nyumbani mpaka majirani wakaanza kusalimia kwa ufupi. Wapi.

Siku moja baada ya mazoezi ya usharikani nikabaki na mwalimu wetu wa bendi, mzee aliyeanza kupiga nyimba za kanisa kwa matarumbeta akiwa kijana. Nikamwambia, "Mwalimu, nadhani mdomo wangu haukuumbiwa kazi hii." Akanitaka nipige ubeti mmoja. Hakuutazama mdomo hata kidogo, alikuwa anatazama mkono wa kulia. "Hebu toa hicho kidole humo," akasema.

Tarumbeta lina kulabu ndogo juu ya mrija wa kupulizia, karibu na vali ya tatu (vali ni vile vitufe vitatu vya kubonyeza). Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kinaingia humo kana kwamba kimewekewa mahali pake, na kila anayeshika tarumbeta mara ya kwanza hukiingiza. Shida ni kwamba kikishaingia, kinavuta. Unapotafuta sauti ya juu unalivuta tarumbeta usoni bila kujijua, mdomo unabanwa kati ya chuma na meno, damu haipiti sawasawa na nyama haitetemeki. Na sauti ya tarumbeta ni mtetemo wa midomo hiyo hiyo. Haitoki, basi unavuta zaidi.

"Kiweke juu ya kulabu, kipumzike tu," mwalimu akasema. Nikapiga. Sauti ikawa nyembamba kama ya mtoto, nikaona aibu. Yeye akafurahi. "Hiyo ndiyo sauti yako halisi, baba. Nyingine ilikuwa ya mkono."

Ilichukua kama miezi miwili hiyo sauti kunenepa. Ila kidole kilipotoka tu, nikagundua kwamba mkono wa kushoto ulikuwa haufanyi kazi. Tarumbeta ni kama kilo moja, sawa na pakiti ya sukari. Si uzito wa kutisha, lakini nyoosha mkono na hiyo pakiti mpaka Ubungo halafu tuongee. Kazi ya kulibeba ni ya mkono wa kushoto, wa kulia ni wa kubonyeza tu. Viganja vyangu ni vidogo, na pete ya mrija wa vali ya tatu, ile ya kuingiza kidole cha nne, kwenye langu imechomelewa mbali. Kuifikia ilibidi niukunje mkono mpaka kifundo kinauma, na siwezi kuacha kuitumia, kwa sababu vali ya kwanza na ya tatu zikibonyezwa pamoja sauti inapanda kuliko inavyotakiwa, na dawa yake ni kuusukuma mrija ule nje kidogo.

Nilichofanya ni kuingiza kidole cha kati kwenye pete badala ya cha nne. Cha nne na cha mwisho nikavishusha chini ya mrija, vikawa kama rafu ya kubebea. Kifundo kikanyooka. Kitu kidogo namna hiyo, sijui kwa nini sikukifikiria mapema.

Ikabaki jasho. Juani shaba inaungua mkononi, na kiganja kikilowa tarumbeta linateleza, ukiogopa kuteleza unakaza, ukikaza bega linapanda. Kwanza nikazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Lilishika kweli kweli, lakini baada ya saa mbili kiganja kilikuwa cheusi, na sare yetu ni shati jeupe. Mnaweza kukisia alama ilibaki wapi.

Nikaenda kwa fundi viatu wa kituoni na mkoba wa zamani wa mke wangu. Akaligeuza tarumbeta, akachungulia ndani. "Kaka, hii nayo ina soli?" Lakini alipima kwa uzi, akakata kipande cha kuzunguka vali, akatoboa matundu pembeni na kupitisha kamba kama ya kiatu. Elfu tano. Ngozi haichomi juani, haitelezi, na inaongeza unene kidogo kwa hiyo sihitaji kubana. Sharti lake moja: kila nikimaliza kupiga naifungua, napangusa shaba, naianika. Nilisahau wiki moja tu nikakuta ukungu wa kijani chini yake.

Mkono wa kulia nao ulikuwa na kero yake. Vali ya pili ilikuwa imepoteza kile kigae cheupe cha juu, kimebaki kikombe cha chuma chenye ukingo mkali unaokata ncha ya kidole. Nimekiziba kwa kifungo cha shati la shule na gundi, na mpaka leo hakijang'oka. Vali zenyewe nilikuwa nazitia mafuta ya cherehani. Msifanye hivyo: ni mazito, vali zinapanda kwa uvivu, nawe unazigonga kwa nguvu kufidia. Mafuta yake mepesi ya vali yapo.

Kuhusu matuta sina ujanja zaidi ya tahadhari. Kirikuu kikiruka tuta, tarumbeta linarudi kwenye meno. Mpiga ngoma wetu anakaa akitazama mbele, akiona tuta anapiga mapigo mawili ya haraka, na sisi wote tunashusha. Wageni hudhani ni sehemu ya wimbo.

Ile kulabu niliizungushia plasta nzito ili kidole kisirudie tabia. Imekaa hivyo karibu miezi mitatu, mpaka harusi moja ya Tegeta. Shangazi wa bwana harusi akaja akicheza, kashika noti ya elfu kumi, akanyoosha mkono. Mkono wa kulia uko juu ya vali, wa kushoto siwezi kuuchomoa maana kidole cha kulia hakina pa kushikia tarumbeta. Nikabaki nampulizia na kumkonyeza. Akazungukazunguka mbele yangu, akachoka, akamtuza wa trombone.

Plasta niliibandua usiku ule ule. Kidole kinapumzika juu ya kulabu muda wote, kinaingia humo pale tu ninapoona noti inakuja.