Alama ya asilimia iliyozuia bakapu

Mkuu wa shule mmoja hapa Tanga alinipigia simu asubuhi ya tarehe 1 Septemba 2021. "Mwanangu, alama za Kidato cha Tatu hazionekani." Mtu alikuwa amefuta jedwali zima kwa bahati mbaya. Nikamwambia, shikamoo mwalimu, usihofu, bakapu, yaani nakala ya akiba, ipo ya kila usiku.

Nikafungua folda. Faili la mwisho lilikuwa la tarehe 3 Julai. Mwili ulinifa ganzi.

Kwenye paneli ya seva (ukurasa wa kuisimamia kompyuta inayotunza alama) kazi ya bakapu ipo, imewashwa, saa zake zimeandikwa. Nikainakili amri na kuiendesha kwa mkono: ikafanya kazi bila tatizo. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba cron, programu inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa, hutuma kwa barua chochote amri inachotoa, makosa yakiwemo, nami sikuwahi kulifungua sanduku la barua la akaunti ile. Nilikuta barua 60, zote na mstari mmoja: amri imeishia njiani, mabano hayajafungwa.

Julai niliongeza tarehe kwenye jina la faili, $(date +%F). Ndani ya cron alama ya asilimia ina maana yake: amri hukatwa hapo hapo, na kinachofuata hulishwa amri hiyo kama maandishi. Lazima itanguliwe na mkwaju wa kinyume: $(date +\%F). Herufi moja tu, miezi miwili ya kazi za watoto.

Na saa je? Nilikuwa nimeandika 2, nikikusudia saa nane usiku. Seva inafuata UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo ilikuwa ikianza saa kumi na moja alfajiri. Sasa nimeandika 23, ambayo kwetu ni saa nane usiku.

Nikiwa humo humo nikaona masasisho nayo hayapiti tangu katikati ya Agosti. Nilishuku mtandao kwanza. Kumbe tarehe 14 Agosti Debian 11, toleo jipya la mfumo endeshi wa seva, ilitoka, na Debian 10 niliyokuwa nayo ikaacha kuitwa stable (toleo thabiti la sasa), ikawa oldstable (toleo thabiti lililotangulia). apt-get, programu inayoleta masasisho, ikiona jina hilo limebadilika husimama mpaka mwenye seva akubali, na usiku paneli inapoiendesha hakuna wa kuitikia. Ni ulinzi mzuri na ninauunga mkono. Usifute kitu kwenye sources.list (orodha ya mahali masasisho yanakotoka), endesha mara moja tu apt-get --allow-releaseinfo-change update, usome inachosema, basi.

Barua za cron sasa zinakuja kwenye simu yangu.

Alama za kuanzia Julai tuliziingiza upya kutoka kwenye daftari la mwalimu, yeye akisoma majina, mimi nikiandika, mpaka magharibi. Kesho yake niliamka kabla ya adhana nikafungua folda. Faili lilikuwepo, la saa nane usiku. Nikalifungua kuhakikisha alama zimo, ndipo nikampigia.