Dipoziti imerudi, jamani!

Zile shilingi 80,000 nilizowekea gari aina ya Probox kwenye yadi ya magari zimeingia M-Pesa leo asubuhi, zote.

Nilighairi baada ya fundi wangu wa Changamwe kulala chini ya gari na kukuta chesisi (fremu inayobeba gari) imechomelewa. Mwenye yadi akaanza, "Dada yangu, dipoziti hairudi. Gari nilikuwekea, wateja wengine nikawafukuza." Haya. Nikamtolea risiti yake mwenyewe: "itarudishwa gari likikutwa na kasoro." Maneno hayo nilimwandikisha siku ya kulipa, akacheka, akaniita wakili.

Kicheko kilikatika nilipotaja Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na si lazima uwe na wakili. Hata hivyo alinizungusha: mara bosi yuko Dubai, mara mtandao wa benki uko chini. Basi nikawa naenda kukaa pale mlangoni wateja wanapoingilia, nanywa kahawa yangu tungu (ya kununua nje, yake siitaki), na kila anayeniuliza nangoja nini, namweleza kwa sauti.

Bado natafuta gari. Mwenye Fielder safi, Likoni hadi Mtwapa, anitumie ujumbe. Fundi nakuja naye.