Mzee na miti yake

Baba aliporudishwa kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, saratani ya koo la chakula ilikuwa imeziba njia kiasi kwamba hata uji ulipita kwa taabu. Tuliambiwa tumpeleke nyumbani tukamtunze. Tumtunze vipi, hakuna aliyesema. Nyumbani ni kijijini, pembeni mwa Makambako, na ilikuwa Juni, baridi ya Njombe ikiwa imeshika kwelikweli.

Nasikia Marekani kuna watu wanaoitwa dula wa mwisho wa maisha. Familia inawatafuta na kuwalipa wakae na anayekufa. Sisi wetu tulimpata kwa muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, wa hospitali ya misheni, aliyekuja na pikipiki kumletea Baba mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Alipoona tumeduwaa na ile chupa, akasema, "Kwenye usharika wenu yupo mama mmoja tuliyempa mafunzo. Mwiteni."

Alikuja jioni ileile, kitenge kiunoni, daftari kwapani. "Kamwene," akasalimia, kisha akaenda moja kwa moja kulitoa nje jiko la mkaa tulilokuwa tumemwekea Baba chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa. "Moshi wa mkaa huu hauonekani, lakini unaua." Akatuelekeza kujaza maji ya moto kwenye chupa, tuzifunge kwa kanga, tuziweke miguuni.

Daftari lilikuwa la mofini: kila baada ya saa nne, nani kampa, saa ngapi. Pamoja nayo dawa ya kulainisha choo, maana mofini inafunga tumbo. Majirani walishaanza kunong'ona kwamba hiyo ni dawa ya kumalizia watu. Baba alilala usiku kucha, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu Pasaka. Minong'ono ikakosa wasikilizaji.

Kazi ngumu ilikuwa shangazi. Dada yake Baba aliamini kaka yake anakufa njaa, na kila tukigeuka tunamkuta na kijiko. Yule mama hakumkaripia. Alimshika mkono. "Shangazi, mwili wenyewe umeshakataa chakula. Ukilazimisha kitaingia kwenye mapafu. Chukua pamba, lowesha, mpanguse midomo." Akampa kazi hiyo, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa pamba ya shangazi.

Siku moja, wakati tunamgeuza Baba asipate vidonda vya mgongo, yule mama akamuuliza, "Mzee, ukiacha hilo koo, nini kingine kinakunyima raha?"

Sisi wanawe tulikuwa tunazunguka swali hilo kwa wiki nzima, tukizungumzia mvua. Baba akajibu papo hapo: "Miti."

Alikuwa na mashamba mawili ya paini, na wanaume tuko wawili, na Mama. Kumbe alikuwa analala macho akitugombanisha kichwani mwake. Yule mama akasema hayo yasisubiri. Kwa sheria ya kimila, alieleza, wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, na sisi warithi tusijihesabu. Kesho yake walikaa chumbani baba mdogo, shangazi na pamba yake, mzee wa kanisa na jirani mmoja. Baba alizungumza kwa kupumzika: shamba la mtoni la kaka, la barabarani langu, nyumba na ng'ombe ni vya Mama, na asije mtu kumuuliza. Alipomaliza akaomba anyolewe ndevu.

Yule mama alikuwa ametueleza yatakayokuja: miguu itapoa kuanzia chini, pumzi itakatika kisha irudi, koo litakoroma, na hapo tumlaze ubavu, tusimtikise. Kwa hiyo yalipofika, alfajiri moja, kaka hakukimbia kutafuta gari. Alikaa. Mama alikuwa anamwimbia Baba wimbo wa ibada, shangazi akiitikia nusu nusu.

Baada ya mazishi yule mama alirudi na muuguzi kuchukua mofini iliyobaki na kumtazama Mama. Alimkuta anabishana na kaka, ambaye mpaka leo anadai shamba langu ni bora. Ana haki. La kwake magogo lazima yapandishwe mlima. Langu lori linaegesha pale pale.